Kudamka: namna saa ya mwili inavyosogezwa

Kiswahili kina vitenzi vya kuamka mapema, vikiwamo kudamka na kurauka. Mtu aliyefumbua macho saa 4 asubuhi ameamka, lakini hakudamka. Kitenzi hicho kinadai kiza cha alfajiri au, angalau, weupe wa kwanza wa mapambazuko. Upande wa pili wa usiku tunacho kitenzi cha kukesha. Maneno haya hayataji saa tu, yanabeba hukumu pia. Anayedamka husifiwa kwa bidii, anayekesha bila mgonjwa wala ibada hutiliwa shaka, na anayekutwa kitandani jua likiwa limepanda huitwa mvivu, hata kama alikuwa kazini hadi usiku wa manane. Katika makala haya sifa na lawama zitawekwa kando kwa muda. Swali letu ni la kiufundi: ni kitu gani ndani ya mwili kinachoamua saa ya kulala na ya kuamka, na mtu akitaka kuisogeza saa hiyo, aanzie wapi?

Tuchukue mfano mmoja na tuufuate hadi mwisho. Kijana wa miaka 24 anaishi Mbagala, Dar es Salaam, na kwa mwaka mzima amekuwa akifanya kazi za kompyuta nyumbani. Hulala saa 8 usiku na kuamka saa 4 asubuhi. Sasa amepata ajira katikati ya mji, na ili awahi daladala kabla ya foleni inambidi aamke saa 11 alfajiri. Amebakiwa na wiki tatu. Anaanza kama wengi wanavyoanza: anaweka kengele tatu kwenye simu, anapanda kitandani saa 3 usiku, anaitazama dari hadi saa 8, na kengele zinapolia anazizima zote bila kukumbuka. (Nami nimewahi kuwa kijana huyo. Kengele yangu ya tatu niliiweka juu ya kabati. Asubuhi niliikuta chini ya mto, na hadi leo sijui niliishusha saa ngapi.) Alikosea wapi?

Ili kulijibu swali hilo ni lazima kwanza tutenganishe nguvu mbili zinazoendesha usingizi. Aliyezipanga kwa namna inayotumika hadi leo ni mtafiti wa Uswisi, Alexander Borbély, mwaka 1982. Nguvu ya kwanza ni shinikizo la usingizi. Ya pili ni saa ya mwili.

Shinikizo la usingizi ni haja ya kulala inayokua kadiri mtu anavyokaa macho. Mfano wake ni mtungi uliowekwa chini ya bomba linalovuja. Tangu unapoamka, tone linafuata tone. Ukilala, mtungi unamwagwa. Miongoni mwa vitu vinavyojilimbikiza hivyo ni adenosini, kemikali inayotokana na seli za ubongo kutumia nishati. Kahawa na chai haziumwagi mtungi huu. Kafeini iliyomo huziba mahali ambapo adenosini hupokelewa, kwa hiyo ubongo unakosa habari kwamba mtungi umejaa. Matone yanaendelea kuingia vilevile, na kafeini inapokwisha habari zote hufika kwa mkupuo.

Kama shinikizo hili lingekuwa peke yake, usingizi ungekuwa hesabu nyepesi: kaa macho muda mrefu, utalala, kaa zaidi, utalala zaidi. Lakini yeyote aliyekesha msibani ameona jambo lisiloingia katika hesabu hiyo. Saa 9 na saa 10 usiku ndizo ngumu kuliko zote. Kichwa kinaanguka kifuani, baridi inaingia, mazungumzo yanakatika. Kisha kunapambazuka, na bila kulala hata lepe moja mtu anajikuta amechangamka kiasi. Mtungi wake umejaa kuliko ulivyokuwa saa mbili zilizopita, na bado usingizi umepungua. Ipo nguvu nyingine inayomwinua.

Dalili za nguvu hiyo zilionekana kwanza kwenye mmea. Mwaka 1729 mwanaastronomia wa Ufaransa, Jean-Jacques d'Ortous de Mairan, aliuweka gizani mmea wa jamii ya kifauwongo, ule unaokunja majani ukiguswa. Mmea huo hufungua majani mchana na kuyakunja usiku, na kila mtu alidhani unalifuata jua. Ndani ya giza uliendelea kufungua na kukunja kwa wakati wake. Kumbe haukuwa ukilifuata jua tu. Ulikuwa na hesabu yake ya siku.

Kwa binadamu jaribio linalokumbukwa zaidi ni la Mfaransa mwingine, Michel Siffre, aliyeingia katika pango la milima ya Alps mwaka 1962 na kukaa humo miezi miwili bila saa na bila jua. Alipotolewa tarehe 14 Septemba aliamini kwamba ni tarehe 20 Agosti. Akili yake ilikuwa imepoteza zaidi ya wiki tatu. Mwili haukupotea hivyo: kumbukumbu za wenzake waliokuwa nje, ambao aliwapigia simu kila alipolala na kuamka, zilionyesha kwamba alizunguka kwa muda uliozidi saa 24 kidogo tu.

Mahali penyewe pa saa hiyo panajulikana. Ni kundi la seli za neva zipatazo 20,000, katika sehemu ya chini ya ubongo iitwayo haipothalamasi, juu kidogo ya pale neva za macho mawili zinapopishana. Ujirani huo na neva za macho una maana, tutaurudia. Kila seli ina saa yake ndogo iliyotengenezwa kwa jeni na protini: jeni inaamuru protini itengenezwe, protini inaongezeka hadi inarudi kuizima jeni ileile, kisha inavunjika na jeni inaanza upya. Mzunguko mmoja huchukua karibu siku moja. Kwa kuufumbua mzunguko huu ndani ya nzi wa matunda, Wamarekani watatu, Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young, walipewa Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2017.

Neno "karibu" katika sentensi hiyo lisipite hivihivi. Mwaka 1999 kundi la Charles Czeisler, huko Harvard, lilipima kwa makini urefu wa siku ya ndani ya binadamu na kupata wastani wa saa 24 na dakika 11. Dakika 11 ni muda wa kunywa kikombe cha chai. Lakini mwelekeo wake ni mmoja: kwa mtu wa wastani, saa ya mwili ikiachwa bila kusahihishwa huchelewa, na kesho yake huchelewa tena. Ndiyo sababu kusogeza usingizi mbele, kulala saa 6 leo na saa 7 kesho, ni kama kushuka mlima, na kuurudisha nyuma ni kama kuupanda.

Sasa tunaweza kuona kosa la kwanza la kijana wetu. Saa ya mwili haikai kimya mchana kutwa ikisubiri usiku. Kadiri jioni inavyosogea, inazidi kumtia mtu uchangamfu ili kuushinda mtungi unaojaa, na uchangamfu huo hufika kileleni saa mbili au tatu kabla ya muda wake wa kawaida wa kulala. Baada ya hapo ndipo tezi ndogo ya ubongo inapoanza kumwaga melatonini, homoni inayoutangazia mwili kwamba usiku umeingia, na mlango wa usingizi unafunguka. Kwa mtu anayelala saa 8 usiku, basi, saa 3 bado ni jioni kamili, na saa tano na sita ndio wakati ambao mwili wake umekataa usingizi kuliko wakati wowote wa siku. Alikwenda kuugonga mlango uliofungwa kwa ndani. Tena alijiongezea hasara nyingine: saa tano za kujigeuza kitandani humfundisha mtu kwamba kitanda ni mahali pa kuhangaika. Madaktari wa usingizi huwaambia wagonjwa wao wainuke na kwenda chumba kingine iwapo usingizi umegoma, warudi kitandani wakishasinzia.

Kwa hiyo saa ya kulala haiamriwi, inafuata. Swali linakuwa: inafuata nini?

Inafuata mwanga. Hapa ndipo ujirani wa macho unapoingia. Kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba jicho lina aina mbili tu za seli za kupokea mwanga, zote kwa ajili ya kuona. Mwanzoni mwa karne hii ilithibitishwa kwamba ipo aina ya tatu: seli chache ndani ya retina zenye kemikali iitwayo melanopsini, ambazo kazi yake kubwa ni kupima ukubwa wa mwanga na kupeleka habari moja kwa moja kwenye saa ya mwili. Mwanga unaozigusa zaidi ni wa rangi ya samawati, rangi ambayo mbingu ya mchana imejaa. Wapo vipofu wasioona chochote ambao seli hizi zao ni nzima, na saa zao za mwili bado hulifuata jua.

Jambo lenyewe gumu, na ambalo ushauri mwingi wa mitaani hulisahau, ni kwamba mwanga hauivuti saa upande mmoja tu. Matokeo yake yanategemea umefika saa ngapi, kwa kipimo cha saa ya ndani na si cha saa ya ukutani. Kila usiku joto la mwili hushuka hadi kiwango cha chini kabisa, kwa kawaida saa mbili au tatu kabla ya muda ambao mtu amezoea kuamka. Tukiite kilele hicho cha ubaridi "kina cha usiku". Mwanga unaofika kabla ya kina cha usiku husomwa na mwili kama jioni iliyorefuka, na saa inachelewa. Mwanga unaofika baada yake husomwa kama asubuhi iliyowahi, na saa inakwenda mapema. Kadiri ulivyo karibu na kina hicho, ndivyo msukumo ulivyo mkubwa, upande wowote.

Turudi Mbagala. Kijana huamka saa 4 asubuhi. Kina cha usiku wake kiko saa 1 au saa 2 asubuhi. Tuseme amefanikiwa kujiburuta kitandani saa 11 alfajiri siku ya kwanza, kisha kwa bidii ya kupigiwa mfano akatoka kukimbia saa 12 na nusu jua likimpiga usoni. Kwa saa ya ukutani hiyo ni asubuhi. Kwa saa yake ya ndani bado ni usiku, na jua lile limefika kabla ya kina. Linaweza kumchelewesha zaidi, usiku unaofuata usingizi uje saa 9. Bidii yake yenyewe imemrudisha nyuma. Ni hesabu ileile inayomtatiza msafiri anayeruka kuelekea mashariki kwa saa tano: akilikimbilia jua mapema mno, mwili unaelekea magharibi.

Mwanga kiasi gani? Kipimo chake ni laksi. Sebule yenye taa usiku mara nyingi haifiki laksi 200. Nje, hata mawingu yakitanda, ni maelfu. Jua la utosi hufika laksi 100,000. Hatuuhisi upana wa tofauti hiyo kwa sababu mboni hujirekebisha, na hivyo mtu aliyefungua dirisha huamini ameshaona asubuhi. Hajaiona. Nusu saa barazani inafanya kazi ambayo balbu ya chumbani haiwezi kuifanya kwa asubuhi nzima.

Lakini taa hiyohiyo dhaifu ina nguvu usiku, wakati hakuna kitu cha kushindana nayo. Mwaka 2011 watafiti wa Marekani walilinganisha watu 116 waliokaa jioni katika mwanga wa kawaida wa chumba na katika mwanga hafifu sana. Mwanga wa kawaida ulilipunguza kwa takriban dakika 90 lile dirisha la usiku ambamo melatonini hutolewa. Na mwaka 2013 kundi la Kenneth Wright liliwapeleka watu kupiga kambi kwa wiki moja katika milima ya Colorado, bila taa za umeme na bila simu, kuni tu na jua. Saa zao za mwili zilirudi nyuma kwa karibu saa mbili, na wale waliokuwa wachelewaji zaidi ndio waliosogea zaidi. Hakuna aliyepewa mahubiri ya nidhamu. Waliondolewa taa na kuongezewa jua.

Simu hutajwa kama adui mkuu. Katika jaribio la mwaka 2015, watu 12 waliosoma kitabu kwenye kioo chenye mwanga kwa saa nne kabla ya kulala walichukua dakika kama 10 zaidi kupata usingizi kuliko waliposoma kitabu cha karatasi, na saa zao za mwili zilichelewa kwa saa moja na nusu. Si kidogo, lakini saa nne za kioo chenye mwanga mkali ndani ya chumba cha giza si maisha ya kila mtu. Mimi naona mwanga wa simu ni mshitakiwa wa pili. Wa kwanza ni kile kilichomo ndani yake, ambacho hakina ukurasa wa mwisho.

Katika jambo la mwanga, anayeishi karibu na Ikweta ana bahati na ana tatizo. Bahati ni kwamba jua ni la kutegemewa. London jua huchomoza kabla ya saa 11 alfajiri mwezi Juni, na baada ya saa 2 asubuhi mwishoni mwa Desemba. Dar es Salaam halitoki nje ya kipande cha dakika 40 mwaka mzima, kuanzia kabla kidogo ya saa 12 mwanzoni mwa Novemba hadi kama saa 12:35 mwezi Julai. Tatizo ni la aina hiyohiyo: anayetaka kuamka saa 11 hatalipata jua mwezi wowote. Na nchi yetu inatumia saa moja ya ukutani ilhali jua linaifikia Kigoma dakika kama 38 baada ya Dar es Salaam. Anayedamka saa 11 Kigoma anaingia gizani zaidi ya mwenzake wa pwani, ingawa redio imewatangazia saa moja.

Kuna hoja inayosema kwamba wazee wetu walilala kuku wanapolala na kuamka majogoo. Wahadzabe wa bonde la Ziwa Eyasi wamesaidia kuipima. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015, uliowahusisha Wahadzabe, Wasan wa kusini mwa Afrika na Watsimane wa Bolivia, ulionyesha kwamba watu hawa wasio na umeme hulala kwa wastani zaidi ya saa tatu baada ya jua kuzama, na kwa kawaida huamka kabla halijachomoza. Sehemu ya pili ya hoja imesimama. Ya kwanza imeanguka. Miaka miwili baadaye ukaja utafiti mwingine kambini mwa Wahadzabe: katika siku 20 za kuwapima watu wazima 33, muda ambao wote walikuwa wamelala kwa pamoja ulikuwa dakika 18 tu kwa jumla. Karibu usiku wote palikuwa na mtu macho. Watafiti walifikiri hiyo ni faida ya zamani: kundi lenye wazee wanaolala mapema na vijana wanaochelewa halikosi mlinzi.

Hilo linatupeleka kwenye maumbile. Waingereza huwaita watu wa usiku kwa jina la bundi, ndege ambaye kwetu akilia juu ya paa watu husali. Nitawaita tu wachelewaji. Uchelewaji una sehemu yake ya kurithi. Zipo familia chache ambazo badiliko la jeni moja huwalaza wanaolirithi mapema jioni na kuwaamsha alfajiri na mapema. Kwa watu wengi, hata hivyo, kinachorithiwa ni mkusanyiko wa mamia ya tofauti ndogondogo. Utafiti wa mwaka 2019 uliopitia jeni za watu karibu 700,000 ulipata maeneo 351 yanayohusika. Kisha walilinganishwa asilimia 5 wenye jeni nyingi zaidi za kuwahi na asilimia 5 wenye chache zaidi. Tofauti yao ya wakati wa kulala ilikuwa dakika 25. Umri una uzito zaidi: saa ya mwili huchelewa tangu balehe, hufikia upeo wa kuchelewa mnamo miaka 20, kisha hurudi taratibu hadi uzeeni. Mwanafunzi wa sekondari anayesinzia katika maandalio ya alfajiri hana haja ya kutafutiwa kosa jingine.

Baada ya yote hayo, mpango wa kijana wetu unaweza kuandikwa ubaoni. Umbali ni saa tano, na ana siku 21. Siku ya kwanza anaamka saa 3:30 asubuhi, wala si saa 11, na mara moja anatoka nje kwa nusu saa, chai mkononi, bila kulikodolea jua. Kila baada ya siku mbili kengele inarudi nyuma kwa nusu saa, na jua la barazani linarudi nayo. Hatua 10, siku 20. Kwa njia hiyo mwanga unafika kila mara baada ya kina cha usiku, kwa sababu kina chenyewe kinarudi nyuma siku hadi siku. Kuanzia hatua ambapo kengele inatangulia jua, anawasha taa zote akiamka na kulipokea jua likishatoka. Kufikia hatua ya mwisho kina cha usiku wake kitakuwa saa 8 au 9 usiku, na jua la saa 12 na nusu bado liko upande unaomfaa.

Jioni kazi yake ni kupunguza. Saa tatu kabla ya muda anaotarajia kulala anazima taa kubwa ya dari na kubaki na ndogo. Hapandi kitandani mpaka kope ziwe nzito, hata kama ratiba inasema vingine. Kahawa ndiyo ya kuangaliwa zaidi, kwa kuwa nusu ya kafeini huwa bado iko mwilini saa kama tano baada ya kunywa. Tena jaribio dogo la mwaka 2015, la watu watano tu, lilionyesha kwamba kafeini ya saa tatu kabla ya kulala huichelewesha saa ya mwili yenyewe kwa dakika kama 40. Kwa anayekusudia kulala saa 3:30 usiku, ile kahawa na kashata ya baada ya magharibi imekwisha. Usingizi wa mchana unaruhusiwa, dakika 20, kabla ya saa 9 alasiri. Vidonge vya melatonini vipo, lakini vinafanya kazi kama tangazo la usiku zaidi ya dawa ya kulaza, na saa ya kuvimeza ni muhimu kuliko wingi wake; hilo ni la kuongea na daktari.

Mpango kama huu huvunjika Jumamosi. Akilala hadi saa 4 asubuhi siku mbili, amekosa jua la mapema na ameumwaga mtungi kupita kiasi. Jumapili usiku usingizi hauji, na inayolaumiwa ni Jumatatu. Mtafiti wa Ujerumani, Till Roenneberg, aliifananisha hali hiyo na uchovu wa msafiri wa ndege anayevuka nchi kila Ijumaa na kurudi kila Jumapili. Saa moja ya nyongeza haidhuru sana. Mwezi wa Ramadhani una mantiki hiyohiyo kwa kiwango kikubwa: anayekesha hadi daku na kulala baada ya swala ya alfajiri kwa siku 29 au 30 anaingia Shawwal akiwa na saa iliyochelewa, naye anahitaji hatua zilezile, si kengele moja ya kikatili siku ya kurudi kazini.

Sasa hukumu, tuliyoiweka kando. Kwa hesabu tuliyoifuata, nia ya saa 11 alfajiri ina kazi ndogo. Wakati huo mambo yameshaamuliwa. Yameamuliwa na jua la jana asubuhi na taa ya jana usiku, na zaidi, naongeza, na nyumba. Mtu mzima anahitaji angalau saa 7 za usingizi. Anayeamka saa 10 alfajiri, kama wengi wa Gongo la Mboto na Mbagala wanavyolazimika, angepaswa awe amelala saa 3 usiku. Lakini taarifa ya habari inaanza saa 2, chakula kinapakuliwa baada yake, watoto wanaogeshwa, na jirani ana kibanda umiza ambako mechi ya Ulaya ya miezi ya baridi inaanza saa 5 usiku. Kudamka ndani ya nyumba kama hiyo bila kusogeza chakula na taa ni kukata usingizi kutoka mwisho mmoja na kuuita bidii. Kama kijana wetu anaweza kukubaliana na mwajiri aingie saa 3 asubuhi, mimi ningemshauri aishie hatua ya saba na abaki hapo.

Wapo pia ambao hesabu yote inageuzwa. Wavuvi wa dagaa wa Ziwa Victoria na Tanganyika hutoka na taa zao usiku wa kiza na kurudi pwani kunapopambazuka, wakati wengine ndio wanadamka; mwezi ukiwa mpevu hubaki nyumbani, kwa sababu mwanga wake huzishinda taa. Mvuvi anayeteremsha dagaa saa 12 na nusu asubuhi, uso wake ukielekea mashariki, anapokea mwanga uleule tuliompendekezea kijana, na kwake unampunguzia usingizi anaouendea. Kinachomfaa yeye ni kofia pana njiani, na kanga mbili nzito dirishani.